Nukuu Nazo Zina Mfumuko wa Bei

Kila mwaka, ifikapo Septemba au Oktoba, makundi ya WhatsApp ya wanataaluma wa Dar es Salaam hujaa mabango yenye nembo za vyuo, picha za wahadhiri waliovaa majoho na maneno ya pongezi kwamba fulani ametajwa na Chuo Kikuu cha Stanford kuwa miongoni mwa asilimia mbili ya wanasayansi bora duniani. Bango linapomhusu mtafiti wa akili mnemba, pongezi huja na nyongeza: idadi ya nukuu zake, yaani mara ambazo kazi zake zimetajwa katika maandishi ya watafiti wengine, huandikwa kwa tarakimu kubwa chini ya picha, na wachangiaji huanza kuilinganisha na ya profesa wa historia au wa kilimo aliyestaafu bila kufikisha hata nusu yake. Sina nia ya kumnyima mtu furaha yake. Ninachokibisha ni hesabu iliyo nyuma ya ulinganisho huo. Idadi ya nukuu za mtafiti wa ujifunzaji wa mashine, tawi la akili mnemba ambamo kompyuta hujifunza kutokana na data, ikisomwa ikiwa mbichi, hueleza kwanza ukubwa wa fani yake, mwaka alioandika na aina ya kitu alichokitoa. Mchango wake yeye huja nyuma ya hayo yote. Ni sawa na kutaja mshahara wa mtu bila kusema ni shilingi ya mwaka gani. Nukuu nazo zina mfumuko wa bei, na sisi tunaozitumia kupandishana vyeo bado tunazihesabu kana kwamba thamani yake haijawahi kubadilika.

Tuanze na orodha yenyewe, kwa sababu ina uangalifu kuliko mabango yanayoitangaza. Stanford kama chuo haikumpigia mtu yeyote kura. Orodha hiyo huandaliwa na John Ioannidis, profesa wa chuo hicho, pamoja na wenzake, kwa kutumia data za Scopus, hazina ya taarifa za machapisho inayomilikiwa na kampuni ya Elsevier. Ina sehemu mbili, moja ya maisha yote ya kazi ya mtafiti na nyingine ya mwaka mmoja tu, na tofauti hiyo, ambayo ni kubwa, mabango yetu huimeza. Alama inayotumika huunganisha viashiria sita, vikiwamo jumla ya nukuu, fahirisi h (nitaieleza baadaye kidogo), fahirisi nyingine inayozingatia idadi ya waandishi wa kila makala, na nukuu za makala ambazo mtafiti alikuwa mwandishi pekee, wa kwanza au wa mwisho. Watafiti hupangwa katika matawi 174 ya elimu, na akili mnemba imewekwa tawi moja na uchakataji wa picha. Yaani waandaaji wenyewe wamekwisha kukiri kwamba nukuu za tawi moja hazilingani na za jingine, na kwamba jina la kumi katika safu ya waandishi si sawa na la kwanza. Sisi tunayachukua matokeo ya uangalifu huo, tunauacha uangalifu wenyewe njiani, tunabaki na picha na joho.

Kwa mtafiti wa ujifunzaji wa mashine kuna ugumu mwingine. Fani hii huishi kwenye makongamano na kwenye arXiv, ghala la mtandaoni la makala tangulizi, yaani zinazotolewa kabla ya kuhakikiwa, lililoanzishwa na Paul Ginsparg mwaka 1991 kwa ajili ya wanafizikia. Makala huwekwa huko leo, watafiti wengine huanza kuitumia kesho, na huenda ikapitishwa na kongamano baada ya miezi kadhaa. Google Scholar, iliyoanza Novemba 2004, huokota karibu kila kitu chenye sura ya kitaaluma: makala tangulizi, tasnifu, ripoti. Scopus huchagua majarida na mikusanyo ya makongamano inayoyakubali. Kwa hiyo mtu mmoja, siku moja, anaweza kuwa na idadi mbili zilizopishana sana, na zote mbili zikawa za kweli. Anayetaja idadi bila kutaja hazina ilikotoka hajataja kitu.

Vipimo hivi havikuzaliwa kwa kazi tunayovipa. Eugene Garfield alipopendekeza mwaka 1955 kuwe na faharasa ya nukuu za sayansi, shabaha yake ilikuwa kumsaidia msomaji kulifuata wazo: nani alilitumia, nani alilipinga, nani aliendelea kulirudia ingawa lilikwisha kukosolewa. Kuwapima watu kulikuja baadaye. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alipendekeza kipimo kinachoitwa fahirisi h, ambacho kanuni yake inatosha kuandikwa kwenye kiganja: mtafiti ana fahirisi h ya 5 ikiwa makala zake tano zimenukuliwa walau mara tano kila moja. Tuchukue watafiti wawili wa kubuni. Wa kwanza ana makala saba zilizonukuliwa mara 40, 18, 9, 6, 5, 3 na 1. Jumla ni 82, na fahirisi h yake ni 5, kwa kuwa makala ya sita imeishia kwenye nukuu 3. Wa pili ana makala tatu zilizonukuliwa mara 900, 4 na 3. Jumla ni 907, na fahirisi h yake ni 3. Kwa jumla, wa pili anamzidi mwenzake zaidi ya mara kumi. Kwa fahirisi h, anashindwa. Hakuna hesabu iliyokosewa hapo. Kila kipimo kimejibu swali lake, na hakuna hata kimoja kilichoulizwa ile makala ya nukuu 900 ilisema nini.

Sasa tuje kwenye mfumuko. Hakuna mchumi wa nchi hii anayeweza kulinganisha kipato cha katikati ya miaka ya 1980, wakati mfumuko wa bei ulipozidi asilimia 30 kwa mwaka, na kipato cha leo bila kwanza kuzipitisha namba zote mbili kwenye fahirisi za bei. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa fahirisi hizo kila mwezi kwa sababu hiyo. Katika ujifunzaji wa mashine bidhaa ni makala na sarafu ni nukuu, na sarafu hiyo imechapishwa kwa wingi mno. NeurIPS, moja ya makongamano makubwa ya fani hii, lilipokea makala 1,678 mwaka 2014. Mwaka 2023 lilipokea 12,343, yaani zaidi ya mara saba katika miaka tisa. Kila makala ina makumi ya marejeo mwishoni, na marejeo hayo lazima yamwangukie mtu. Kwa kuwa fani hii huzeesha maarifa haraka, sehemu kubwa huwaangukia walioandika katika miaka michache iliyotangulia. Mtafiti aliyeingia kwenye fani mwaka 2016 na wazo la kawaida amevuna mvua ambayo aliyeingia mwaka 1996 na wazo bora zaidi hakuiona hata kwa mbali.

Tiba ya msingi inajulikana. Nukuu za makala hugawanywa kwa wastani wa nukuu za makala nyingine za tawi hilohilo, mwaka huohuo na aina hiyohiyo. Makala yenye nukuu 60 mahali ambapo wastani ni 20 ina alama ya 3. Yenye nukuu 200 mahali ambapo wastani ni 250 ina 0.8, hata kama kwenye bango ya pili ingeandikwa kwa tarakimu kubwa zaidi. Wastani wenyewe nao ni wa kuangaliwa kwa jicho la pili, kwa sababu makala chache kubwa huuvuta juu na kuziacha nyingi za kawaida zikionekana duni. Ndiyo maana Ilani ya Leiden, iliyotolewa na wataalamu wa upimaji wa utafiti mwaka 2015, ilipendelea asilimia za nafasi: kuuliza kama makala iko ndani ya kumi bora katika kila mia za tawi na mwaka wake. Ni hesabu ambayo mwanafunzi wa mwaka wa pili wa takwimu anaiweza.

Lakini fahirisi huondoa mfumuko tu. Haielezi kilichonunuliwa. Hapa ndipo ninapoiona hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, ile isemayo kwamba kila nukuu ni kura, na aliyepata kura nyingi ndiye aliyeaminiwa na wenzake. Tazama kanuni ya Adam, njia ya kurekebisha vigezo vya mtandao wa neva (programu inayojifunza kwa mifano) wakati wa mafunzo, iliyoandikwa na Diederik Kingma na Jimmy Ba mwaka 2014, ambayo kwa hesabu ya Google Scholar imenukuliwa zaidi ya mara laki moja. Mwaka 2018, katika ICLR, kongamano jingine la fani hii, makala nyingine ilionyesha kwamba uthibitisho wa kihisabati uliokuja na Adam ulikuwa na kasoro, na makala hiyo ya kukosoa ikapewa tuzo. Nukuu za Adam hazikupungua. Ziliendelea kupanda, kwa sababu wanaoinukuu hawapigii kura uthibitisho wake. Wanataja chombo walichokitumia, kama fundi anavyotaja aina ya randa. Ndivyo ilivyo pia kwa makala ya ResNet, mitandao ya neva ya kutambua picha, ya Kaiming He na wenzake, ambayo uchambuzi wa jarida la Nature wa Aprili 2025 uliiweka juu kabisa ya makala za karne hii zinazonukuliwa zaidi. Wala jambo hili halikuanza na kompyuta. Kwa miongo mingi makala iliyonukuliwa kuliko zote katika sayansi imekuwa ile ya Oliver Lowry ya mwaka 1951 kuhusu namna ya kupima kiasi cha protini, na mwenyewe hakuiona kuwa kazi yake kubwa. Kutengeneza chombo ambacho watu laki moja wanakihitaji ni mafanikio makubwa, na katika ujifunzaji wa mashine huenda ndiyo mafanikio yenye faida kuliko yote. Ila ni mafanikio ya aina moja, na anayeyajumlisha na nukuu za nadharia, za makala za mapitio (zinazofupisha kazi za wengine) na za kukosolewa amejumlisha magunia ya mahindi na lita za mafuta ya taa.

Wakati nao una hila zake. Sepp Hochreiter na Jürgen Schmidhuber walichapisha LSTM, usanifu wa mtandao wa neva wa kushughulikia mfuatano kama wa maneno katika sentensi, mwaka 1997 katika jarida la Neural Computation. Kwa zaidi ya muongo mmoja makala hiyo ilinukuliwa na kundi dogo la watu wa mitandao ya neva, wakati ambapo fani kubwa ilikuwa imeelekea kwingine. Baadaye kompyuta zikapata nguvu, data zikapatikana, na mwaka 2016 Google ikauhamishia mfumo wake wa tafsiri kwenye usanifu huo, nukuu zikafumka. Kamati iliyokaa mwaka 2005 kuwapima waandishi wake kwa hesabu tupu ingeona kazi ya kawaida. Kuna na kinyume chake: wazo likishakuwa maarufu kupita kiasi, watu huacha kulinukuu. Anayefunza mtandao wa neva leo hutumia njia ya kurudisha makosa nyuma kutoka tabaka hadi tabaka, iliyopata umaarufu kwa makala ya Rumelhart, Hinton na Williams ya mwaka 1986, na aghalabu haoni haja ya kuitaja, kama mpishi asivyotaja aliyegundua moto. Ushindi kamili wa wazo hufuta nyayo zake kwenye hesabu.

Pamoja na hayo, upande wa wanaotetea namba una hoja moja ambayo siwezi kuipita kwa haraka, nayo ina uzito zaidi hapa kwetu kuliko kwingine. Tanzania ina wanataaluma wachache wa fani hii. Ukiwakusanya wanaofundisha Mlimani, Kijitonyama na vyuo vingine vya jiji, utakuta wengi walifundishana, walisimamiana tasnifu au waligombania ofisi. Katika mazingira hayo, kumwachia mkubwa wa idara aamue kwa busara yake nani ana mchango kunaweza kumaanisha kumwachia aamue nani ni mtu wake. Namba, kwa ukavu wake, humlinda kijana asiye na mjomba kwenye kamati. Na tusidhani kwamba wahakiki wakiachiwa kusoma kazi kwa kina hukubaliana. Mwaka 2014 waandaaji wa NeurIPS, Corinna Cortes na Neil Lawrence, walizipeleka makala 166 kwa kamati mbili zisizojuana. Kamati hizo zikatofautiana juu ya takribani robo ya makala. Waliporudi miaka saba baadaye kuangalia nukuu, waligundua kwamba kati ya makala zilizokubaliwa, alama za ubora zilizotolewa na wahakiki hazikuwa na uhusiano na idadi ya nukuu zilizopatikana. Wapo wanaosoma matokeo hayo kuwa hukumu dhidi ya uhakiki, na wapo wanaoyasoma kuwa hukumu dhidi ya nukuu. Mimi naona yanatuambia kwamba ni vitu viwili tofauti, na kwamba hakuna kinachofaa kukaa kwenye kiti cha mwenzake.

Ukavu wa namba pia si ngao kamili. Mwaka 2010 Cyril Labbé, mtafiti wa Ufaransa, alimbuni mwanasayansi asiyekuwapo aitwaye Ike Antkare, akamtungia kwa programu makala za upuuzi zinazonukuliana, na Google Scholar ikampa fahirisi h ya 94, iliyowapita wanasayansi wengi wakubwa wenye nyama na damu. Mwaka 2024 mchezo huo ulirudiwa kwa ajili ya paka, aitwaye Larry, ambaye kwa muda mfupi alikuwa paka anayenukuliwa zaidi duniani. Cheko zikiisha, linabaki swali la nani mwingine amefanya hivyo bila kutangaza.

Upande wa pili, wa wanaotaka nukuu zitupwe kabisa, hutumia hoja ambayo nimeisikia mara nyingi katika semina za hapa jijini: kwamba mtu anayeshughulika na Kiswahili hawezi kunukuliwa, kwa hiyo kipimo hiki ni cha wenzetu. Hoja hii inauma lakini haisimami. Kiswahili kimo ndani ya XNLI, kipimo cha uelewa wa lugha 15 kilichotolewa mwaka 2018, na makala ya XLM-R, modeli ya kompyuta ya lugha nyingi, ilikitaja Kiswahili katika ikisari yake kama ushahidi wa mafanikio. Lugha yetu hunukuliwa sana; tatizo ni kwamba hunukuliwa ikiwa safu moja katika jedwali la mtu mwingine, na nukuu huenda kwa mwenye jedwali. Mkondo huo umeanza kubadilika pale Waafrika wenyewe walipotengeneza majedwali. MasakhaNER ya mwaka 2021, mkusanyo wa matini zilizowekewa alama za majina ya watu, mahali na taasisi katika lugha kumi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, ni kazi ya waandishi makumi kadhaa waliojitolea, na hurejelewa na watafiti wa mabara yote. Hapo ndipo swali la kugawana sifa linapokuwa gumu. Ukigawanya nukuu kwa idadi ya waandishi, unamwadhibu aliyekubali kushirikiana. Usipogawanya, kila mmoja anazibeba zote. Makala ya mwaka 2017 iliyoanzisha usanifu wa mtandao wa neva uitwao Transformer iliandika wazi kwamba waandishi wake wanane walichangia sawa na kwamba mpangilio wa majina ulikuwa wa bahati nasibu. Kanuni ya vyeo inayompa alama nyingi wa kwanza ingekuwa inacheza karata.

Ninachopendekeza kwa vyuo vyetu, basi, ni kidogo, na hakihitaji programu mpya. Anayeomba cheo au fedha ataje hazina ilikotoka idadi yake na tarehe aliyoisoma. Aweke nafasi ya kila makala katika mia za tawi na mwaka wake. Kisha achague makala zisizozidi tatu, na kwa kila moja alete sentensi tano zilizoandikwa na watu wasio washirika wake, zikionyesha walichokitumia na kwa namna gani. Mfumo wa Semantic Scholar tayari hujaribu kutenga nukuu zenye ushawishi na zile za kupita njia, na hufanya hivyo kwa ujifunzaji wa mashine, jambo ambalo lina kichekesho chake; unaweza kutumika kama mwanzo wa upekuzi, usiwe hakimu. Nimeambiwa kwamba kamati hazina muda wa kusoma sentensi kumi na tano kwa kila mwombaji. Hoja hiyo naijua, kwa sababu niliwahi kuitumia.

Miaka michache iliyopita niliketi katika jopo dogo la kugawa fedha za utafiti. Mbele yetu palikuwa na jedwali, na katika jedwali palikuwa na safu ya nukuu. Mwombaji mmoja, dada aliyekusanya sauti za wasemaji wa Kiswahili kutoka mikoa kadhaa, alikuwa na nukuu thelathini na kitu. Aliyemfuata alikuwa na zaidi ya mia nne, karibu zote za makala moja ya mapitio ambayo jina lake lilikuwa katikati ya safu ndefu ya waandishi. Hatukutumia hata dakika tano. Mimi ndiye niliyesema namba zinajieleza, na hakuna aliyenipinga. Baadaye, kwa kusutwa na jambo ambalo sikulijua bado, nilifungua zile thelathini na kitu nikazisoma moja baada ya nyingine, tangu baada ya magharibi hadi umeme ulipokatika karibu na saa nne usiku, na nikawa nimezimaliza. Wengi wa walionukuu walikuwa wamezichukua sauti zake, wamezifunzia mifumo yao, na wachache walikuwa wamemrekebishia makosa ya kuyaandika maneno yaliyosemwa katika sauti hizo. Siku iliyofuata nilianza zile mia nne. Sikufika mbali: nyingi nilizozifungua zilikuwa kwenye sentensi ya kwanza ya utangulizi, ndani ya mabano yenye majina sita, baada ya maneno kwamba ujifunzaji wa mashine umepata maendeleo makubwa katika miaka ya karibuni.